Njia ya Kreni

4 Juni

Mdogo wangu,

Salamu nitazileta, habari kwanza. Madaraja yetu yote mawili yataondolewa kabla ya mvua. Aliyesema ni msimamizi wa kampuni yenu, yule mfupi mwenye kofia nyeupe ya plastiki asiyoivua hata akila, ambaye hapa ameshapewa jina la Kofia. Alisema jana asubuhi upande wa soko, amesimama juu ya pipa la lami. Nilikuwepo. Yote mawili, la chuma na la zege, mpaka misingi.

Sasa salamu. Sisi wazima. Zahanati ina vikohozi na vidonda vyake vya kawaida. Shemeji yako ameezeka bati jipya jikoni na siku hizi anaomba mvua kama mkulima, apate kulisikia. Mama hajambo isipokuwa goti, na goti lenyewe analisema kama mtu: "Leo kaamka vibaya." Wanao wote nawasalimu, na mwambie mke wako asichelewe kukishona kile kitambaa, rangi yake inachuja.

Kwa kuwa hujafika hapa tangu msiba wa baba, nikukumbushe hali. Daraja la chuma lilikatika katikati kwa mafuriko, na kile kipande kimelala mtoni mpaka leo. La zege likajengwa ubavuni mwake kuchukua nafasi yake, na mvua ya pili tu nguzo moja ikazama. Limeinama kama mtu aliyeitwa nyuma. Tunavuka hivi: unakwenda juu ya zege mpaka lilipozama, unashuka ngazi ya miti hadi kwenye chuma, unatembea juu ya chuma, unapanda ngazi nyingine hadi ukingo wa pili. Mimi navuka hivyo na kisanduku cha chanjo mgongoni. Mama, tangu goti, hawezi ngazi, na mama mdogo tangu zamani anaziogopa. Ni miaka minne hajaonana na mama mdogo uso kwa uso, na bati la mama mdogo analiona kutoka mlangoni kwake. Kila asubuhi wanapigiana kelele, mama ukingo huu wa zahanati, mama mdogo ukingo ule wa soko.

"Umelalaje?"

"Nimelala!"

"Na goti?"

"Halikulala!"

Wapita njia wanajua siri zetu zote.

Nilimuuliza Kofia: "Mkishaondoa, tutapita wapi?"

"Sista, mimi naondoa."

"Nimesikia. Tutapita wapi?"

"Hilo liko nje ya mkataba."

"Na sisi tuko ndani?"

Akacheka. "Nyie mmetajwa. Imeandikwa, kwa usalama wa wananchi."

Madaraja haya yamekuwa hatari kwa miaka tisa na hakuna aliyetuletea hata kamba ya kushikia. Leo usalama wetu umekumbukwa na watu wanaokuja kuchukua vyuma. Wewe ndiye unayepanga mitambo kwenye yadi ya kampuni hiyo. Nina maswali mawili. Je, kuna daraja jipya? Na mpango huu wa kuondoa umeandikwa na nani?

Simu hapa haishiki mtandao, unajua. Barua nimempa dereva wenu wa dizeli, yule Kobe. Ukijibu mpe yeye.

Dada yako

27 Juni

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta wazima, nasi huku hatujambo. Samahani kwa kuchelewa. Lori la Kobe lilivunja ekseli njiani, akalala nalo porini, na aliporudi alisema jina lake si la bahati mbaya, ni la ukoo.

Mkubwa ameanza kujifunza udereva, anafundishwa na mjomba wake upande wa mama, na mpaka sasa waliokwisha kuumia ni mlango wa gari na ndoo moja. Mdogo kang'oka meno mawili ya mbele, anapiga mluzi darasani mpaka mwalimu ameniita. Kitambaa kimeshonwa. Hongera kwa bati. Mpe pole mama na goti lake, na mwambie asilisengenye, litasikia.

Kuhusu madaraja. Dada, yale si madaraja tena. Magogo yananasa kwenye kile kipande cha chuma, maji yanakosa njia na kula kingo, kila mwaka mto unapanuka. Hata kama usingekuwepo mkataba, yangepaswa kuondoka. Kipande cha katikati ni kizito, na kreni ikikaa ukingoni mkono wake haufiki. Kwa hiyo kwanza litajengwa tuta la mawe kukatiza mto, chini yake mabomba makubwa ya kalvati ya kupitisha maji, kreni iingie mpaka katikati. Nakwambia mapema ili msishangae mkiona malori yanamwaga mawe mtoni.

Kuhusu daraja jipya, wenye neno ni idara ya barabara. Mipango hutoka ofisini.

Nilikuwa nafikiri juu ya mama. Kwa nini asije kukaa kwetu? Chumba cha mbele kina mlango wake wa nje na hakuna ngazi hata moja. Mwulize.

Mdogo wako

18 Julai

Mdogo wangu,

Tuta limekamilika, na mtu wa kwanza kulipita asiye na kofia ya plastiki ni mama. Shahidi ni mimi, nilimshika mkono.

Hatujambo. Mluzi wa mwanao utaisha meno yakiota, usimpige. Mama nimemuuliza habari ya chumba cha mbele. Kasema, "Mwambie nashukuru, na mwambie aje aniulize mwenyewe." Mengine hakusema, nami siongezi.

Sasa sikiliza. Miaka tisa tumeambiwa mto huu haujengeki. Alikuja mhandisi, akaja mwingine mwenye viatu vizuri zaidi. Udongo mlaini, walisema. Mawe yako mbali. Fungu halipo. Kumbe mawe yapo, kwenye kilima tunachokiona tukifungua dirisha la zahanati. Kumbe mabomba yapo, yameshushwa hapa yana kutu ya kukaa uani muda mrefu, na nyasi zimeota ndani yake. Hata wiki mbili hazikuisha! Njia imepatikana, pana ya kupita lori, ngumu ya kubeba kreni. Kwa kwenda kuchukua chuma kibovu, mto umejengeka. Kwa kupitisha watu wenye pumzi, haikuwezekana.

Jioni mashine zikizimwa watu wanajaa. Wanatembea kwenda na kurudi bila shughuli yoyote, kama watu waliovishwa viatu vipya. Mlinzi anafukuza mpaka kachoka, sasa anasalimia.

Mama alichukua muda. Alisimama mwanzo wa tuta akaligonga na fimbo yake, akasema mawe yamepangwa vizuri kuliko alivyotarajia. Mama mdogo alikuwa amekwisha kufika katikati. Tuliwaacha wakutane wenyewe. Unafikiri walilia? Mama mdogo alimtazama dada yake juu mpaka chini.

"Kumbe umenenepa hivi! Kutoka ng'ambo unaonekana mwembamba."

"Na wewe sauti yako kubwa kuliko wewe mwenyewe."

"Meno yako yako wapi?"

"Nilikwambia nimeng'oa. Nilikupigia kelele mwaka juzi."

"Nilisikia umeng'oa mahindi."

Wakashikana mikono wakaenda kwa mama mdogo, na mimi wakanisahau pale na fimbo.

Siku iliyofuata nilimkuta Kofia anakula, nikamuuliza mbona hawajaweka kingo za pembeni, watoto wanapita. "Za nini?" akasema. "Mwezi wa kumi hili linafumuliwa."

"Lote?"

"Mpaka kokoto la mwisho. Mto urudi ulivyokuwa."

"Ulivyokuwa lini?"

Akatafuna kwanza. "Sista, mimi sichori. Mchoraji ni mdogo wako. Yadini tunamwita Profesa. Kujenga kaandika yeye, kufumua kaandika yeye."

Nilikuuliza mwezi wa sita ni nani aliyeandika, ukanijibu kwamba mipango hutoka ofisini, kama vile mvua hutoka mawinguni. Kikulacho ki nguoni mwako. Ninauliza mara ya pili.

Dada yako

10 Agosti

Dada,

Shikamoo. Sote wazima. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nimesimama.

Ndiyo, mpango ni wangu. Tuta ni langu, na kufumuliwa kwake ni kwangu. Sikukuambia kwa sababu nilijua utaniandikia barua kama hii uliyoniandikia.

Sasa na wewe nisikilize. Yale mabomba ni saba. Yanatosha maji ya kiangazi. Mvua zikianza mto unakuja mara nyingi zaidi ya hapo, unajua kuliko mimi, na saba hayatapitisha hata robo. Tuta litageuka ukuta. Maji yatapanda nyuma yake, yatatafuta pa kupita, na penye bonde ni ukingo wa soko, upande mto unakotokea. Nani anakaa pale? Nimepiga hesabu na kuirudia. Maji yatasimama kwenye dirisha la mama mdogo, na yeye hulala chini ya dirisha hilo. Baadaye tuta lenyewe litapasuka usiku mmoja na kushuka na kila kilichopo mashambani huko chini.

Ungependa niandike kwamba liachwe? Niambie, niandike, nitie sahihi.

Umesema kikulacho ki nguoni mwako. Sawa. Lakini nguo hiyo hiyo ndiyo iliyokusitiri miaka yote hii, ada ya chuo cha uuguzi ikiwemo, na sikuwahi kuitaja mpaka leo ulivyonikera. Nimeitaja, samahani, naifuta.

Kuhusu kuja huko, kazi ni nyingi.

Mdogo wako

24 Agosti

Mdogo wangu,

Daraja la chuma halipo tena. Kipande cha mwisho kilinyanyuliwa Jumamosi, na Kofia alitangaza hivyo kwa kuivua kofia. Ana upara. Soko zima lilipiga makofi, sijui kwa daraja au kwa upara.

Tuko salama. Ulichokitaja umesema umekifuta, nami sikukiona.

Nilikwenda kusimama mlangoni kwa mama mdogo na hesabu zako kichwani. Nikatazama mto, nikatazama dirisha. Uko sahihi. Sipendi, lakini uko sahihi, na nimemwambia kila aliyekuwa akipanga kwenda kulala mbele ya katapila kwamba uko sahihi. Si kazi ndogo. Hapa watu walishaanza kugawana zamu.

Ila usijipongeze. Hasira yangu imehamia nyumba nyingine, na wewe bado unakaa mtaa huo. Uliyafikiria maji. Uliifikiria kreni, uzito wake, mkono wake, magurudumu yake. Uliyafikiria mawe mpaka kokoto la mwisho na mahali pa kwenda kulitupa. Ulipokuwa unachora ulijua mama yako yuko ukingo gani na dada yako yuko ukingo gani. Ni nani katika mchoro huo anayetembea kwa miguu?

Hali yetu kwa sasa ni hii. Ngazi zetu zimeondoka pamoja na chuma. Daraja la zege linakatwa mabamba, na mabamba yamepangwa ukingoni, mapana kama milango miwili, yakisubiri kwenda kutupwa kwenye machimbo ya zamani. Njia iliyobaki ni tuta lako peke yake. Wiki iliyopita gari la wagonjwa lilikuja mpaka mlangoni pa zahanati. Dereva alishuka akauliza kama amepotea. Chanjo zimevuka kwenye magurudumu, na mgongo wangu umeshangaa. Likifumuliwa mwezi wa kumi hatutarudi tulipokuwa, maana tulipokuwa palikuwa na ngazi. Tutakuwa na mto mtupu.

Na mama hayupo nyumbani. Amehamia kwa mama mdogo, kachukua godoro lake na jembe lake. Nilimfuata.

"Mama, tuta likitoka utakwama huku."

"Ndiyo."

"Dawa zako ziko kwangu."

"Najua. Zahanati ng'ambo, vidonge ng'ambo, binti yangu muuguzi ng'ambo. Mimi huku. Mwambie mwanangu wa mitambo atafute njia."

"Unamtisha mwanao?"

"Namkumbusha," akasema, akaendelea kupalilia mbele ya nyumba ya mdogo wake kama mtu aliyezaliwa pale.

Vidonge vyake vya presha nimempelekea vya kufika katikati ya Oktoba. Baada ya hapo sijui.

Nijibu jambo moja tu, mengine yote yaache. Ungeambiwa uchore njia ya mama, siyo ya kreni, ungechora nini?

Dada yako

9 Septemba

Dada,

Shikamoo, hatujambo, nakwenda moja kwa moja.

Nimechora. Tuta lisifumuliwe lote. Lishushwe, libaki chini karibu na usawa wa maji ya kiangazi. Lipanuliwe, na mabomba yaongezwe kwa yale mengine yaliyobaki uani. Juu yake yapangwe mabamba ya zege la daraja la zamani, yafungwe pamoja. Linaitwa daraja mfuto, yaani linakubali maji yapite juu yake. Mvua ikiwa kali mtakaa siku mbili tatu bila kuvuka, mto ukishuka njia inatokea palepale. Maji hayapandi nyuma yake, hayafiki kwa mama mdogo hata kizingitini. Mawe yapo, mabamba yapo, mashine ziko hapo hapo. Ni kazi rahisi kuliko kuyabeba kwenda kuyatupa! Mwezi wa tano, nilipoandika mpango, vitu vyote hivi vilikuwa mbele ya macho yangu, na hakuna aliyeniuliza. Mimi pia sikujiuliza.

Nilimpelekea bosi. Akacheka. "Profesa, sisi tumelipwa kuondoa."

Nikaomba ruhusa nikaenda idara ya barabara, kwa mhandisi anayesimamia mkataba. Ofisi yake ina feni mbili na ramani ya mto wetu ukutani, imepigiliwa misumari juu chini.

"Mkataba unasema mto uachwe bila kizuizi," akasema.

"Hiki si kizuizi. Maji yanapita juu."

"Basi andika maombi. Yataangaliwa mwaka wa fedha ujao."

"Mama yangu yuko ng'ambo mwaka huu wa fedha."

"Kwani mama yako ni nani?"

"Ni mama yangu."

Akaniangalia kama mtu aliyejibiwa utani. Akaniambia niache mchoro kwa karani. Karani aliuweka juu ya michoro mingine, na niligundua ule wa chini yake ni wa daraja letu la zege, uliowekwa hapo sijui tangu lini, umemwagikiwa chai. Dada, nimefanya kazi hii miaka mingi na watu huniita mtu mtulivu. Nilishuka ngazi za jengo lile nikiongea peke yangu kwa sauti. Mtu anasaini nguzo isimame kwenye matope, inazama, haulizwi. Mtu anataka kuacha mawe yaliyokwisha kupangwa, anaambiwa mwaka ujao!

Katapila imepangiwa kuanza kufumua tarehe 1 Oktoba. Kofia ameandika kwamba inahitaji filta mpya ya mafuta, bila hiyo haiwaki. Filta natakiwa kuituma mimi. Yadi ina mambo mengi mwezi huu.

Kofia simwandikii. Namwandikia dada yangu, na dada yangu anaongea na watu.

Mdogo wako

25 Septemba

Mdogo wangu,

Mhandisi wa idara atarudi tarehe 14 Oktoba pamoja na mkuu wake na bosi wenu. Amesema hivyo kwa kinywa chake, mbele ya soko zima, na nitakueleza alivyosemeshwa.

Salamu kwa wote. Shemeji yako ana mafua na anakufa, kama kawaida yake kila akipata mafua.

Nimeongea na watu. Katapila imelala. Kofia analalamika asubuhi na jioni juu ya filta na anaitukana yadi kwa sauti ambayo kila mtu anaisikia. Mabamba pia hayajapakiwa. Nilimuuliza kwa nini, akaniambia hawezi kupakia zege kabla halijakauka. Zege la miaka yote hiyo, mdogo wangu. Nikasema, "Ni kweli, lisije likavunjika." Hatukutazamana.

Mhandisi alikuja Jumatatu kuona mbona mabamba hayaondoki. Gari lilisimama upande wa soko, kioo kikashuka nusu, akaanza kumuuliza Kofia maswali kwa kupitia hapo. Mama na mama mdogo wakaja, mmoja na fimbo, mwingine na kigoda.

"Mwanangu, shuka," mama akasema.

"Mama, nina haraka."

"Hata mimi nilikuwa na haraka. Nimengoja miaka minne."

Mama mdogo aliweka kigoda mbele ya gari, akakalia.

"Huyu naye?" mhandisi akauliza.

"Huyo ni aliye chini," mama akasema. "Wewe uliye juu tunakungoja hapa."

Watu wakacheka mpaka dereva wake akacheka, na hapo ndipo mlango ulipofunguka. Nilimtembeza juu ya tuta mimi mwenyewe, kutoka soko mpaka mlangoni pa zahanati. Nikamwonyesha alama za magurudumu ya gari la wagonjwa. Nikamwonyesha mabamba. Nikamwambia lile wazo lililoko mezani kwa karani wake, chini ya kikombe cha chai. Akasema hakuwa ameliona. Nilimwamini, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi.

Tuliporudi penye gari akasema mkataba hawezi kuubadilisha peke yake, atarudi na wakubwa.

"Lini?"

"Siku za karibuni."

"Siku hiyo haimo kwenye kalenda ya zahanati. Taja."

Akamtazama mama mdogo, ambaye bado alikuwa kwenye kigoda. Akataja tarehe 14.

Tatizo ni kwamba hapa hakuna anayeweza kuwaeleza wakubwa wale habari ya mabomba na mabamba wakaridhika. Kofia anajua kazi lakini akiona tai anasahau kuongea. Mimi nitasema habari za wagonjwa, watatikisa vichwa, watasema pole. Anayeweza ni mmoja.

Hujafika hapa tangu tulipomzika baba. Sijawahi kukuuliza kwa nini, na leo sikuulizi.

Dada yako

5 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Watoto wazima, mkubwa kashindwa mtihani wa udereva kwa kwenda polepole mno, Kobe kamwambia asijali. Pole kwa msiba wa mafua ya shemeji.

Bosi amethibitisha jana kwamba kikao kipo. Amethibitisha pia kwamba mimi sitakiwi kuwepo. Aliniita akafunga mlango. Alisema kampuni inayokwenda kumfundisha mteja kazi yake haipati mkataba mwingine, na mtu anayetaka kuichorea idara madaraja akatafute kazi idarani. Nikamwambia kwamba tuta lile lina mkono wangu kuanzia jiwe la kwanza, na likiuawa litauawa mbele yangu. Akaniuliza kama nimekwisha kuongea na mke wangu. Nikasema ndiyo. Nilikuwa sijaongea. Nimeongea jioni, naye akaanza kuniwekea nguo kwenye begi kabla sijamaliza sentensi.

Watu wa hali ya hewa wanasema mvua itaanza kabla ya mwezi huu kufika ishirini na tano. Hakuna nafasi ya kikao cha pili. Wakikubali, katapila ianze kulishusha tuta siku hiyo hiyo na mabamba yawekwe kabla maji hayajapanda. Wakikataa itafumua lote, na hapo nitamwomba mama mwenyewe, kwa mdomo wangu, arudi ng'ambo yenu kabla jiwe la mwisho halijatoka. Lazima ianze siku hiyo, kwa vyovyote. Kwa hiyo filta ninayo, ipo mfukoni mwa begi, na haitatoka mpaka wamesema neno moja kati ya mawili.

Umesema huniulizi. Ahsante.

Kobe akishakuletea barua hii atarudi, kisha anaondoka na mimi Jumapili tarehe 12 alfajiri, na ameapa mbele ya mashahidi kwamba safari hii hatalala njiani. Tutashukia upande wa soko. Wewe toka upande wa zahanati, na uje na vidonge vya mama vya miezi mitatu, maana sijui watasema nini. Kikao ni Jumanne, tarehe 14 Oktoba, saa tatu asubuhi, katikati ya tuta.

Mdogo wako